Kabla ya Kuchukua Rungu

Leo sitazungumzia bei ya alizeti, wala mvua, wala barabara. Nazungumzia mbwa, tena mbwa mgonjwa, na najua kuna mtu huko ameshanyoosha mkono ahamie kwenye muziki. Vumilia kidogo, kaka. Ukishasikiliza utaamua mwenyewe kama yamekuhusu.

Kwetu Mitundu mbwa si pambo la getini. Kaskazini yetu ni Itigi na reli, kusini unaelekea pori la akiba la Rungwa, na huku kote kuna vile vichaka vya Itigi vilivyofungamana kiasi kwamba ng'ombe akipotelea humo unamtafuta kwa kengele ya shingoni, macho hayakusaidii. Fisi hapa hayumo kwenye hadithi za watoto peke yake. Mfugaji aliyelala bila mbwa huamka kuhesabu mbuzi wake moyo ukimdunda, na mrina asali naye anapenda kusikia mbwa akitangulia mbele kabla yeye hajaweka mguu. Kwa hiyo mbwa akiugua, nyumba nzima imeguswa, hata kama hakuna anayekubali kulisema hilo mbele za watu.

Ugonjwa ninaoutaja ni kifafa. Mbwa huugua kifafa kama binadamu. Mimi ninaye mmoja, dume la kienyeji, rangi ya udongo, ambaye kilimwanza akiwa hajamaliza ujana. Kwake huja alfajiri, amelala. Ghafla mwili unakakamaa, kichwa kinavutwa nyuma, anaanguka ubavu, miguu inapiga hewa kana kwamba anakimbia, taya zinagongana, povu linatoka, mkojo unamponyoka. Macho yako wazi lakini hayaoni. Inapita dakika moja, pengine mbili. Halafu anatulia, anahema, anainuka akiyumba. Anajigonga ukutani. Anamtazama aliyemlea tangu kitoto kama mgeni. Baada ya muda akili inarudi, na njaa inakuja nayo, njaa ya ajabu, anataka kula kila kilichopo.

Mtu asiyejua akiona hayo kwa mara ya kwanza, neno linalomtoka ni moja: kichaa! Na kabla mbwa hajasimama vizuri, kijana mmoja ameshapata rungu.

Mimi siwalaumu wanaoogopa. Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima, alinifuata akaniambia kwa upole, "Mwanangu, huyo mbwa muondoe, watoto wanacheza hapo." Alikuwa na haki ya kuogopa. Kichaa cha mbwa bado kinaua watu Tanzania. Watafiti waliwahi kukadiria vifo takriban 1,500 kwa mwaka, na wengi wanaoumwa ni watoto. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu hakuna dawa ya kumrudisha. Kwa hiyo anayekuja kwako na hofu ya kichaa usimcheke. Mpe maelezo.

Maelezo yenyewe ni haya. Kichaa kinakwenda mbele tu, hakirudi nyuma. Mbwa aliyekuwa mpole anakuwa mkali, au mkali anakuwa mpole isivyo kawaida. Anauma vijiti na mawe. Sauti inabadilika, inakuwa ya kukwaruza. Taya linalegea, mate yanachuruzika kwa sababu hawezi kumeza, miguu ya nyuma inaishiwa nguvu, na katika muda wa siku kumi hivi tangu dalili zianze, amekufa. Wa kifafa yeye anaanguka, anaduwaa nusu saa au saa kadhaa, kisha anakuwa yule yule wa jana: anakula, anakunywa, anatikisa mkia, anabweka kwa sauti yake ile ile. Wiki au miezi inapita, anaanguka tena.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye hatari. Mbwa akianguka mara ya kwanza, wewe na mimi hatuwezi kujua kwa macho ni kipi kati ya hivyo viwili. Kama hajachanjwa, au kama miezi ya karibuni aliumwa na mbwa asiyejulikana, au na fisi, au na mbweha, mchukulie kuwa ni kichaa mpaka ithibitike vinginevyo. Mfungie bandani. Chakula na maji msukumie kwa mti mrefu. Asiguswe. Mpigie bwana mifugo wa kata, na mbwa huyo atazamwe siku kumi. Aliyeumwa, au aliyerukiwa na mate kwenye kidonda au jichoni, aoshe mahali hapo kwa maji yanayotiririka, pakiwa kidonda na sabuni, dakika 15 kamili kwa saa, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akaanze chanjo. Asingoje hizo siku kumi ziishe.

Na ndiyo sababu nasema rungu halitusaidii. Ukimpiga mbwa saa ile ile na kumfukia, umelifukia na jibu. Mtoto aliyelambwa mkono atabaki na shaka, mama yake hatalala, na hakuna daktari atakayeweza kuwaambia lolote, kwa sababu kipimo cha kichaa kwa mnyama aliyekufa hufanyika kwenye ubongo, na huo ubongo uko chini ya mbuyu. Mbwa aliyefungiwa akiwa hai baada ya siku kumi, anakula na kubweka, ametupa jibu bila kulipwa. Akifa ndani ya siku hizo, bwana mifugo anajua cha kufanya na kichwa chake.

Tuseme basi siku kumi zimepita, mbwa mzima. Je, ni kifafa? Bado hatujafika. Kuna mambo mengi yanayomwangusha mbwa, na huku kwetu yapo ya kutosha.

Sumu ndiyo ninayoitazama kwanza. Mtu ametega nyama yenye sumu kwa ajili ya fisi, mbwa wako kaipata yeye. Au umemwogesha kwa dawa ya kupe ya ng'ombe, umepima kwa kukisia, yeye akajilamba. Mbwa wa sumu kwa kawaida hatulii: anatetemeka mfululizo, anatapika, anaharisha, mate yanamtoka, na wakati mwingine mbwa wawili watatu wa boma moja wanaanguka siku moja. Kifafa hakiangushi mbwa watatu kwa siku moja.

Jike anayenyonyesha watoto wengi anaweza kukakamaa na kutetemeka kwa kuishiwa madini ya chokaa kwenye damu. Huyo ni wa kuwahishwa kwa daktari wa mifugo mara moja, anapona kwa sindano. Kitoto chenye minyoo na njaa huanguka kwa sababu sukari imekwisha mwilini. Na sisi tunaopakana na mapori yenye mbung'o tusisahau nagana: mbwa anakonda, ana homa, macho yanaingia ukungu, na ugonjwa ukifika kichwani anaweza kuanguka pia.

Halafu kuna distempa. Hii nataka niikalie kidogo, kwa sababu inatuonyesha mbwa wa kijijini anaweza kufika wapi. Mwaka 1994, katika hifadhi ya Serengeti, simba walianza kuonekana wakianguka, wakirusha miguu, wakitetemeka uso. Wataalamu walishangaa. Simba mzima, mfalme wa pori, anaanguka kama mwenye kifafa! Walipochunguza wakakuta ni virusi vya distempa, vinavyofanana na vya mbwa wanaofugwa na watu. Mpaka ugonjwa unapoa, karibu theluthi ya simba wa Serengeti walikuwa wamekufa. Baada ya hapo ndipo kampeni za kuchanja mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi zikapata uzito, kichaa na distempa pamoja. Sasa sisi tunaopakana na Rungwa, yenye simba wake, tujione tuko mbali na habari hiyo? Mbwa wa distempa kwa kawaida ana zaidi ya kuanguka: makamasi mazito, tongotongo, kikohozi, kuharisha, kisha misuli inayorukaruka yenyewe hata akiwa amelala. Akiwa hivyo, mtenge na wenzake.

Ukiyaondoa hayo yote, ukabaki na mbwa aliyeanza kuanguka akiwa na umri kati ya miezi sita na miaka sita, mzima kabisa katikati ya kuanguka na kuanguka, basi daktari atakuambia ni kifafa kile cha kuzaliwa nacho, ambacho ubongo ukitazamwa hauonekani kuwa na kovu wala uvimbe. Mara nyingi kimo katika damu ya ukoo. Ndiyo maana mbwa wangu nimemhasi, na yeyote mwenye mbwa wa hivyo namshauri asimzalishe, hata kama ni hodari wa kulinda kuliko wote kijijini. Utagawa vitoto kwa marafiki kumbe unagawa ugonjwa.

Naomba nitoke kidogo kwa mbwa niende kwa binadamu, kwa sababu namna tunavyomtendea mbwa aangukaye inafanana mno na namna tulivyowahi kuwatendea ndugu zetu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alifika Mahenge, nchi ya Wapogoro, daktari mwanamke kutoka Norway, anayejulikana kwa jina la Louise Jilek-Aall. Alikuta wenye kifafa wakila peke yao, wakilala kando. Iliaminika kwamba mate ya mtu anayeanguka yanaambukiza. Wengi walikuwa na makovu ya kutisha ya moto: mtu ameangukia mafiga, na waliokuwa karibu wamesita kumgusa. Mwaka 1960 akaanzisha pale kliniki ya kifafa, na dawa aliyoitegemea ilikuwa fenobabitoni. Watu waliokuwa wakifichwa wakaanza kurudi mashambani na kukaa na wenzao. Hakuhitaji kuwakemea watu kwa imani zao. Walipoona mgonjwa haanguki tena, hofu ilipungua yenyewe.

Hadi leo nasikia watu wakisema kifafa huambukizwa kwa mate, kwa mkojo, na kwa ile hewa ambayo redioni siitaji jina. Hakiambukizi. Hakitoki kwa mtu kwenda kwa mtu, hakitoki kwa mbwa kwenda kwa mtu. Mate ya mbwa aangukaye tunayaogopa kwa ajili ya kichaa tu, na kichaa kikishaondolewa kwenye shaka, ni mate ya mbwa kama ya siku zote. Ndugu zangu Waislamu mtayaosha kwa sababu zenu za kidini, na hilo ni jambo lenu na dini yenu, ugonjwa haumo.

Dawa hiyo ya Mahenge ndiyo hiyo hiyo ya mbwa, na historia yake inanifurahisha. Mwaka 1912, mwaka ambao reli ya kati ilifika Tabora baada ya kupita hapo juu Itigi, huko Freiburg, Ujerumani, kulikuwa na daktari kijana aitwaye Alfred Hauptmann. Inasimuliwa kwamba alikuwa akiishi juu ya wodi ya wenye kifafa, na usiku halali kwa sababu ya kelele za wagonjwa wakianguka. Akawapa dawa mpya ya usingizi ili watulie, na yeye alale. Wakatulia kweli, lakini akagundua kitu kingine: kuanguka kwenyewe kumepungua, usiku na mchana. Baadaye Hauptmann, akiwa Myahudi, aliikimbia Ujerumani ya Hitler, akafia Marekani mwaka 1948. Dawa yake imepita miaka zaidi ya 100 na bado ndiyo inayoanza kutajwa na madaktari wa wanyama dunia nzima, kwa sababu ni rahisi kwa bei na inafanya kazi.

Sasa twende kwenye hesabu, maana wengi mnasikiliza mkijiuliza ni shilingi ngapi. Si kila mbwa mwenye kifafa anatakiwa kupewa dawa. Anayeanguka mara moja kwa mwaka, muache, andika tarehe. Daktari huanza kufikiria dawa mbwa akianguka mara mbili au zaidi ndani ya miezi sita, au akianguka mfululizo kwa siku moja, au akianguka kwa muda mrefu. Akianza, kipimo hufuata uzito: kwa kawaida miligramu mbili na nusu hadi tatu kwa kila kilo, mara mbili kwa siku. Mbwa wetu wa kienyeji wa kilo 15 atahitaji kama kidonge kimoja na nusu cha miligramu 30 asubuhi, na kimoja na nusu jioni. Vidonge vitatu kwa siku, 90 kwa mwezi, mwaka mzima, na mwaka unaofuata. Nimeitoa hesabu hiyo ili ujue mzigo unavyolingana na mfuko wako. Kipimo cha mbwa wako atakuandikia daktari wa mifugo aliyemwona, kwa cheti, kwa sababu dawa hii inadhibitiwa kisheria na si ya kununuliwa uchochoroni.

Kuna jambo hapa linanikera nalisema wazi. Usichukue vidonge vya mgonjwa. Usimshawishi bibi yako mwenye kifafa akugawie, wala usiende zahanati kudanganya kwamba mgonjwa ni mtoto. Hazina ya zahanati ni ya watu, na kopo likiisha kuna mwanafunzi atakayeangukia barabarani kwa ajili ya mbwa wako. Dawa ya mbwa inunuliwe, famasi, kwa pesa ya mwenye mbwa.

Saa ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Dozi mbili ziachane saa 12. Mimi nimeifunga dawa kwenye redio: ikitajwa saa mbili asubuhi anameza, ikitajwa saa mbili usiku anameza tena. Kidonge nakiweka ndani ya tonge la ugali lenye dagaa mmoja, kisha namtazama mpaka ameze, kwa sababu mbwa ana ujanja wa kula dagaa na kutema kidonge nyuma ya mlango. Wiki mbili za mwanzo atayumba nyuma, atalala sana, utadhani umemharibu. Mara nyingi inapita. Kinachobaki ni njaa na kiu. Mbwa wa dawa hii ana njaa muda wote, atanenepa ukimwachia, na usipomwangalia ataingia jikoni kwa watu, na hapo kesi inakuwa nyingine kabisa. Mpunguzie wanga, mwongezee maji. Kila baada ya miezi kadhaa inafaa damu ipimwe kuangalia ini. Najua kutoka Mitundu mpaka kwenye maabara ni safari. Hospitali kubwa ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine iko Morogoro. Angalau mwambie bwana mifugo amtazame macho na ufizi kama vimegeuka manjano.

Na usiikatishe. Hili nalirudia kwa wale mnaofanya pilika jikoni: usiikatishe ghafla. Mwili ukizoea fenobabitoni halafu ukaunyima siku mbili, mbwa anaanguka vibaya kuliko alivyokuwa kabla hujaanza, na anaweza kufa katika kuanguka huko. Msimu wa mvua gari likikwama njiani, dawa nayo imekwama. Weka akiba ya mwezi mzima mahali pakavu, juu, watoto wasipofika, kwa sababu vidonge hivyo vinaua mtoto. Kama huna uhakika wa dawa ya mwezi ujao, usianze ya mwezi huu. Daktari mwingine atanipinga, lakini mimi naona mbwa anayeanguka mara chache bila dawa ana maisha mazuri kuliko anayepewa leo na kunyimwa kesho.

Wala usimpe Panado. Wala dawa za maumivu za binadamu. Zinamdhuru mbwa, na kifafa hazikigusi.

Siku akianguka mbele yako, tazama saa. Hicho ndicho cha kwanza. Dakika moja ya kuanguka huonekana kama robo saa, na daktari anahitaji ukweli. Ondoa mawe, ondoa sufuria ya moto, msogeze mbali na mafiga kwa kumvuta na gunia, usimshike mdomo. Mbwa hamezi ulimi wake, achana na kijiko. Usimmwagie maziwa mdomoni, usimfukizie chochote puani. Watoto watoke. Na mbwa wenzake wafukuze, kwa sababu mbwa wakimwona mwenzao anatapatapa wanaweza kumshambulia. Wapo wanaokufa kwa meno ya wenzao na kifafa kinasingiziwa. Kama kuna mtu wa pili na simu, apige video. Video ya dakika moja, ikitumwa kwa daktari wa mifugo aliyeko mjini, inamwambia mambo ambayo wewe ungeeleza mchana kutwa ukakosea.

Ikizidi dakika tano bila kukoma, hiyo ni hatari ya kifo. Vilevile akianguka mara mbili au tatu ndani ya siku moja. Mwili unachemka kama wenye homa kali, na ubongo unaungua. Mlowanishe kwa maji ya kawaida tumboni na miguuni, mweke kivulini, tafuta daktari kwa njia yoyote, hata kwa bodaboda. Wapo madaktari wanaompa mwenye mbwa diazepamu ya kuingiza kwa njia ya haja kubwa kwa ajili ya saa kama hiyo. Muulize wako mapema, usisubiri usiku wa manane.

Maisha ya kila siku yanahitaji marekebisho madogo. Mbwa huyu hafungwi kwa kamba shingoni; akianguka atajinyonga. Mjengee banda la fito, chini mchanga au majani. Asilale karibu na jiko. Kisima kisicho na mfuniko kifunikwe, jambo ambalo lilitakiwa kufanyika hata kabla ya mbwa. Wangu sasa analinda zizi usiku, anabweka kama kawaida na fisi wanamjua, lakini haendi tena porini na vijana wanaochunga, kwa sababu akiangukia lamboni hakuna wa kumtoa. Na nina daftari: tarehe, saa, dakika, na kilichotangulia. Ukisoma daftari la miezi mingi unaanza kuona mpangilio, na daktari ataamua kuongeza au kupunguza dawa kwa kutazama hilo, hatategemea kumbukumbu yako ya huruma.

Tuseme na upande wa pili. Karibu mbwa mmoja kati ya watatu hasikii dawa hii vizuri. Zipo nyingine, kama bromidi ya potasiamu, ambayo ilitumika kwa binadamu Uingereza tangu 1857, lakini kuipata huku ni kazi. Utafika wakati mbwa anaanguka kila siku chache, hapumziki, hakutambui tena. Au utafika wakati ada ya mtoto na vidonge vya mbwa vinagombania noti moja. Mama anayechagua ada simhukumu, na asihukumiwe na yeyote. Ila kuna namna ya kumalizia. Daktari wa mifugo ana sindano inayomlaza mbwa bila maumivu. Tangu 2008 nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama, na kumpiga mnyama mgonjwa mpaka afe si kitu ambacho sheria hiyo inakiruhusu. Mbwa aliyekulindia mbuzi miaka yote anastahili hiyo sindano.

Nimalizie na ombi moja, ambalo halina gharama kubwa. Chanja mbwa wako kichaa, kuanzia umri wa miezi mitatu, na kila mwaka. Nimeona kwa macho yangu kazi ya ile kadi. Siku mbwa wangu alipoanguka hadharani, vijana wakakusanyika, nilitoa kadi ya chanjo mfukoni nikawaonyesha tarehe, na yule mama jirani ndiye aliyewaambia warudi nyuma. Bila kadi ningekuwa na maneno matupu. Kesho muulize bwana mifugo wa kata yako chanjo inapita lini, na asipokuwa na tarehe, mwombe mtendaji wa kijiji aandike barua halmashauri ya Itigi kuiomba. Mpeleke mbwa, chukua kadi, iweke pamoja na vyeti vya watoto.